Muulize Bibi Koleo: Drili 3, Wagonjwa 14

Kwa wasomaji wapya: nilishika trei pembeni ya kiti cha meno kwa miaka 19, kisha nikakagua kliniki za meno kwa miaka 12 hadi nilipostaafu. Jina la Koleo nilipewa na madaktari niliowakagua, na sidhani walilitoa kwa mapenzi. Barua za safari hii karibu zote ni za ukaguzi, kwa hiyo nimeziweka pamoja.

*Shikamoo Bibi Koleo. Juzi nilikwenda kuziba jino. Mgonjwa aliyenitangulia alipotoka, nilimwona msaidizi akifuta drili kwa pamba yenye spiriti, akachomoa kile kijino cha mbele cha kuchimbia na kuweka kingine, basi. Daktari akanichimba nayo. Nilinyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa wazi, na kwa kweli niliona haya. Je, spiriti inatosha? — Mwenye gego la juu kushoto*

Marahaba mwanangu. Haitoshi.

Drili si kama kijiko, kwamba ukishafuta nje umemaliza. Ndani yake mna turbini ndogo inayozungushwa na hewa, zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na mna vijinjia vyembamba vya hewa na maji. Daktari akiondoa mguu kwenye pedali, turbini inapunguza mwendo, na katika kupunguza huko inaweza kuvuta ndani kidogo cha kilichopo mbele yake: mate, damu, vumbi la jino. Drili za kisasa zina valvu ya kuzuia hilo, lakini valvu huchakaa kama kitu kingine chochote. Mgonjwa wa pili akikaa, maji yakafunguliwa, kilichovutwa kinatoka. Spiriti ya nje haikugusa chochote kati ya hivyo. Na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka usiloliona kwa macho.

Kinachotakiwa ni drili kuondolewa yote kwenye mpira wake baada ya kila mgonjwa, isafishwe, itiwe mafuta, ifungwe kwenye pakiti, iingie kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wenye shinikizo. Humo inakaa nyuzi 134 kwa dakika 3 au nyuzi 121 kwa dakika 15. Hizo ni dakika za joto lenyewe likishafika. Ukijumlisha kuosha, kupandisha joto, kukausha na kupoa, karibu saa nzima imekwenda.

Na hapo ndipo tatizo la kliniki nyingi lilipo. Wengi hawafuti kwa spiriti kwa kutojua. Wanafuta kwa sababu drili hazitoshi.

Nilipoingia kliniki sikuwa na haja na sakafu. Sakafu hupigwa deki usiku wa kuamkia ukaguzi hata na mtu ambaye hajawahi kushika ufagio. Niliomba kuhesabu drili, kisha nikaomba daftari la wagonjwa la siku moja niliyoichagua mwenyewe, kisha nikasoma idadi ya mizunguko ya otoklevu ya siku hiyohiyo. Kliniki moja nzuri sana kwa macho, viti vipya, harufu ya usafi mpaka mlangoni, ilikuwa na drili 3. Siku niliyoichagua walikuwa wamewachimba meno wagonjwa 14. Otoklevu ilizungushwa mara 2. Nikamwambia mwenye kliniki, tuhesabu pamoja daktari: drili 3 za asubuhi zikiwa safi, 3 baada ya mzunguko wa kwanza, 3 baada ya wa pili. Hao ni wagonjwa 9. Hawa 5 mliwachimba kwa nini, kwa kijiko? Hakujibu. Alimtazama msaidizi, na msaidizi akatazama viatu vyake.

Sasa wewe ufanyeje. Kabla hujafungua mdomo, sema hivi tu: “Daktari, naomba nione pakiti ikifunguliwa.” Huna haja ya kulaumu wala kueleza. Kliniki inayofanya vizuri itafurahi kukuonyesha, maana pakiti zinagharimu fedha na hakuna anayewahi kuwashukuru kwa hizo. Kwenye pakiti utaona alama iliyobadilika rangi. Usije ukaiamini kupita kiasi: inathibitisha kwamba pakiti ilipita kwenye joto, haithibitishi kwamba kila kijidudu ndani yake kimekufa. Lakini pakiti isiyokuwapo kabisa inathibitisha mengi zaidi.

Kuhusu yaliyokwisha kupita: usikeshe kwa hofu, maambukizi ya namna hii kupitia kiti cha meno ni nadra kuthibitishwa. Ila kama huna chanjo ya homa ya ini B, mweleze daktari wako wa kawaida yaliyotokea na muulize kuhusu kipimo. Na peleka taarifa kwa mamlaka inayosajili madaktari wa meno. Aibu uliyoona siku ile imekwisha. Anayekuja kesho kwenye kiti kile hana habari.

*Bibi, kila nilipopigwa eksirei ya meno zamani nilivishwa aproni nzito ya risasi. Safari hii sikuvishwa, na fundi akasema siku hizi si lazima. Ni kweli au wamebana matumizi? — J.*

Inaweza kuwa kweli kabisa. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitangaza mwaka 2024 kwamba hakipendekezi tena aproni wala kola ya shingo kwa eksirei za kawaida za meno. Miale ya mashine za sasa ni kidogo na imebanwa ielekee jino tu, halafu aproni yenyewe wakati mwingine huziba picha, ukalazimika kupigwa tena, yaani umepata dozi mara mbili kwa sababu ya kitu cha kukukinga. Nchi nyingine bado zinaidai kwa kanuni, kwa hiyo aliyekuvisha naye hakukosea.

Mimi niliangalia zaidi aliyebonyeza kitufe amesimama wapi (mita 2 au nyuma ya ukuta, si pembeni yako akishika filamu kwa kidole!), na mashine ilipimwa lini mara ya mwisho. Aproni nilizigusa kwa sababu moja tu: wanazikunja kama shuka. Risasi ikikunjwa inapasuka ndani na nje huoni kitu. Itundikwe.

*Bibi Koleo, naomba jina langu lisitokee. Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno. Tumepata barua kwamba wakaguzi wanakuja baada ya siku 9. Daftari la otoklevu halijaandikwa kwa miezi minne. Mashine inafanya kazi kila siku, mimi mwenyewe ndiye ninayeiwasha. Bosi ameniambia nikae nalo nyumbani mwisho wa wiki nilijaze lote, “kwani tunadanganya nini, vifaa si tunavitakasa kweli?” Nimeanza ukurasa wa kwanza na mkono umegoma. — Mkono mzito*

Mkono wako una akili. Usijaze.

Nakuambia kwanza kama mkaguzi, kwa sababu bosi wako pengine hatashawishika kwa maneno ya uaminifu. Daftari la uongo halihitaji mpelelezi. Wino ni mmoja kwa miezi minne. Mwandiko haujachoka popote, hakuna ukurasa uliomwagikiwa maji, hakuna siku ambayo mtu alikuwa na haraka akaandika 134 kama kunguru aliyevunjika mguu. Joto ni lilelile kila siku. Siku ambayo kliniki ilifungwa, daftari linasema mizunguko 5. Niliwahi kukuta sahihi ya msaidizi ambaye, kwa mujibu wa faili lake, alikuwa bado hajaajiriwa. Na kubwa kuliko yote, otoklevu nyingi zina kaunta ndani inayohesabu kila mzunguko tangu mashine itoke kiwandani, nyingine zina kumbukumbu nzima ya joto na shinikizo. Daftari lako liseme mizunguko 420, mashine iseme 311, nitamwamini nani? Mwambie bosi maneno haya kama yalivyo: “Daktari, kaunta itatuumbua.” Nimeyaona yakifanya kazi mahali ambapo maadili yalishindwa.

Sasa kuhusu swali lake, “tunadanganya nini”. Anadhani daftari ni la mkaguzi, na huko ndiko anakopotea. Otoklevu inaweza kuwaka taa zake zote, ikatoa mvuke, ikafungua mlango, na isiwe imetakasa. Hewa iliyonaswa ndani ya pakiti au ndani ya mrija wa drili inauzuia mvuke usifike. Ndiyo maana mashine zenye pampu ya kuvuta hewa hufanyiwa kila asubuhi kipimo cha Bowie na Dick, Waingereza wawili waliokitoa mwaka 1963: unaweka karatasi yenye kiashiria katikati ya furushi, peke yake, chumba cha mashine kikiwa kitupu, na ikitoka na doa katikati ujue hewa imebaki. Halafu kuna kipimo cha spora, zile mbegu ngumu za bakteria, ambacho miongozo ya Marekani inataka kifanywe angalau mara moja kwa wiki. Unaingiza kichupa chenye spora za bakteria anayeitwa Geobacillus stearothermophilus, sugu wa joto kuliko karibu wote tunaowaogopa. Yeye akifa, na wengine wamekufa. Akiota, umepata simu ya kupiga. Na simu hiyo utampigia nani kama hujaandika ni pakiti zipi zilikuwa kwenye mzunguko upi na zilifunguliwa kwa mgonjwa gani? Utawapigia wote.

Wote si neno la kutisha watoto. Mwaka 2013 huko Tulsa, Oklahoma, kliniki moja ya upasuaji wa meno ilikaguliwa baada ya mgonjwa kugundulika na maambukizi, wakakuta vifaa vyenye kutu na otoklevu ambayo haikuwa imepimwa kwa miaka kadhaa. Wagonjwa wapatao 7,000 waliitwa kupimwa homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Mmoja alithibitishwa kuambukizwa homa ya ini C na mgonjwa mwenzake palepale, tukio la kwanza la aina hiyo kuthibitishwa kwenye kiti cha meno Marekani. Hebu fikiria wewe ndiye uliyeshika simu ya mapokezi wiki ile.

Una siku 9, zinatosha. Chora mstari chini ya ingizo la mwisho la kweli. Andika tarehe ya leo, na maneno haya: kumbukumbu hazikuandikwa kuanzia siku fulani hadi leo, mashine ilitumika, kaunta leo inasoma kadhaa. Bosi atie sahihi, si wewe peke yako. Fanya kipimo cha asubuhi leo, tuma cha spora leo, mwite fundi wa mashine aje na karatasi yake. Kuanzia kesho andika kila mzunguko, hata ulioharibika, hasa ulioharibika. Daftari lenye mzunguko mmoja uliofeli na maelezo ya mlichofanya baada ya hapo lilinifanya nilegeze mabega. Nilijua nimefika mahali watu wanatazama mashine yao. Daftari lisilofeli hata mara moja kwa miaka 3 lilinifanya nivue koti, nikae.

Pengo la miezi minne litaandikwa kama kasoro. Mtapewa muda wa kurekebisha, bosi atanuna. Daftari la kughushi likigundulika, mkaguzi ataanza kutilia shaka kila karatasi nyingine mliyompa, pamoja na zile za kweli, na mwandiko ulio humo ni wako.

Sitakuficha kwamba kukataa kunaweza kukuletea shida kazini. Mjibu kwa maandishi, kwa adabu, fupi: “Daktari, siwezi kuandika nisichokumbuka, ila nimeandaa hivi.” Uwe na nakala yako nyumbani badala ya lile daftari.

*Mimi ni daktari wa meno wa miaka 22 na sijawahi kumdhuru mtu kwa maji. Mkaguzi, kijana kabisa, ameniandikia kasoro kwa sababu sina kumbukumbu za “ubora wa maji ya kiti”. Maji yangu ni ya bomba, hayohayo ninayokunywa. Nyie wakaguzi mkikosa la kusema mnatafuta maji? — Daktari aliyechoshwa*

Daktari, pole na uchovu. Kijana yuko sahihi.

Maji yanaingia kwenye kiti, hayo yanayotoka kwenye drili, yakiwa ya kunywa, nakubali. Shida ni yanavyotoka. Mirija ya kiti ni myembamba kama unyasi, maji hulala humo usiku kucha na mwisho wa wiki nzima, yakiwa vuguvugu, na ukuta wa ndani unaota utando wa bakteria. Unaujua utando, daktari, ndio uleule unaowagombeza wagonjwa wausugue kwenye meno yao kila siku. Kipimo kinachotumika Marekani ni bakteria wasiozidi 500 kwa kila mililita, sawa na maji ya kunywa. Kiti kisichotunzwa kinavuka hapo kwa maelfu bila maji kubadilika rangi wala harufu.

Unasema hujawahi kumdhuru mtu. Umejuaje? Mwaka 2011 nchini Italia mama wa miaka 82 alifariki kwa ugonjwa wa Legionella, bakteria wa majini wanaoshambulia mapafu. Hakuwa ametoka nyumbani siku zile ila kwenda kwa daktari wa meno mara mbili, na bakteria waliokuwa mapafuni mwake walilingana na waliokutwa kwenye maji ya kiti. Mwaka 2016 huko Anaheim, California, makumi ya watoto waliotibiwa kiini cha jino kwenye kliniki moja walipata maambukizi ya taya kutokana na maji ya viti. Baadhi walipoteza meno ya utu uzima yaliyokuwa hayajaota bado. Madaktari wale nao, nina hakika, walikunywa maji ya bomba bila kuumwa.

La kufanya halina uzito. Achia maji yatiririke dakika 2 asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, na sekunde 20 hadi 30 kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hiyo inasukuma yaliyovutwa na drili, lakini haiondoi utando, hapo wengi hujidanganya. Utando unaondolewa na dawa ya mirija, ile aliyoitaja mtengenezaji wa kiti chako na si klorini ya kukisia. Chupa ya maji ya kiti iondolewe jioni, imwagwe, ilale ikiwa kavu. Pima, andika. Na unapokata mfupa au kupasua ufizi, maji ya kiti yakae mbali kabisa, tumia maji tiba yaliyotakaswa.

Ujana wa mkaguzi si kasoro. Nami niliwahi kuwa kijana, na daktari mmoja aliniuliza kama mama yangu anajua niliko.

*Nipo mapokezi tu, sishiki mgonjwa. Mkaguzi alikuja akaniuliza MIMI mtungi wa oksijeni uko wapi. Nikamwambia aulize ndani. Akaandika kitu. Nimekosa nini? — Dada wa mapokezi*

Hujakosa, ila waliokuajiri wamekosa. Mgonjwa akizimia kwenye kiti, daktari atakuwa amemshika kichwa na msaidizi ameinua miguu. Anayebaki kukimbia ni wewe. Nami kila nilipofika mahali niliuliza mapokezi kwanza, kwa sababu ndani wote walikuwa wamekariri jibu.

Kuna kliniki walinionyesha mtungi baada ya dakika 6, nyuma ya maboksi ya karatasi, mshale kwenye sifuri, na ufunguo wa kuufungulia haupo. Adrenalini ilikuwa kwenye kabati lililofungwa, na mwenye funguo alikuwa likizo. Ilikuwa imepitwa na muda pia, lakini kwa kabati lile hilo lilikuwa dogo.

Jumatatu ukifika, kabla ya kuwasha kompyuta, mwombe daktari akuonyeshe vitu vitano: mtungi wa oksijeni na barakoa zake, boksi la dawa za dharura, mashine ya kushtua moyo kama mnayo, sukari ya kumpa mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa nguvu, na namba ya kuita gari la wagonjwa iliyobandikwa ukutani. Halafu uufungue mtungi kwa mkono wako mwenyewe, uone mshale unapanda hadi wapi, uufunge tena. Akikuuliza unataka nini na mtungi, mwambie umetumwa na Bibi Koleo.